Laki tisa za nini

Simu ilinikuta kwenye ngazi za ofisi, Kirumba, Mwanza, Jumatatu saa saba mchana. Alikuwa yule mama wa Igombe mwenye friza sita za samaki. Hakusalimia, naye si mtu wa kuacha salamu.

"Mwanangu, kile kidude chenu kimekufa?"

Nikamwambia hapana Mama, kiko hai, asubuhi hii hii nimeona vipimo vyake kwenye seva, ile kompyuta yetu inayopokea taarifa za vifaa vyote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo unuse."

Nilipanda bodaboda badala ya daladala. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba labda ni laini ya simu, labda meseji zilikwama njiani, labda alibadilisha namba akasahau kutuambia. Nilipofika, friza tatu za upande wa ukutani zilikuwa wazi, mifuniko imeinuliwa, na vijana wawili walikuwa wanatoa minofu ya sangara kwa beseni. Swichi ya ukuta ule ilikuwa imeruka Ijumaa usiku. Mama mwenyewe alikuwa Ukerewe tangu Ijumaa mchana, kwenye msiba wa kaka yake. Aliondoka akiwa ametulia kwa sababu alikuwa na kidude chetu. Tulimwambia friza zikipoteza baridi atapata meseji, na asipoijibu atapigiwa simu. Siku tatu simu yake ilikuwa kifuani, kaifunga kwenye khanga, haikulia.

Nilifungua laptopu juu ya gunia la chumvi nikaingia kwenye seva. Vipimo vyote vilikuwepo. Kila dakika moja, bila kukosa hata moja, kisanduku kilikuwa kimetuma joto la friza zile. Nyuzi 18 chini ya sifuri Ijumaa jioni, kama inavyotakiwa kwa samaki wa kugandishwa. Nyuzi 10 chini ya sifuri Jumamosi saa tatu asubuhi. Sifuri Jumapili. Nyuzi 9 juu ya sifuri wakati nasoma. Seva ilikuwa imeona kila kitu, na hata hapo, mbele ya macho yangu, hali yake iliandikwa neno moja: "inasubiri".

Mama akainama akasoma lile neno. Akaniuliza, "Inasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Nililipata usiku ule nikiwa nyumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwingine ninapopitia kazi ya mwenzangu.

Mfumo wetu ulikuwa mwepesi kuueleza. Kila friza ina kipima joto chenye waya, waya zote zinaingia kwenye kisanduku kimoja chenye laini ya simu na betri ya akiba. Joto likipanda juu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hatupigi kelele papo hapo, kwa sababu mtu anaweza kuwa amefungua mfuniko anapanga mzigo. Tunasubiri dakika 15. Likibaki juu dakika 15 mfululizo, meseji inakwenda.

Mwanzoni uamuzi huo ulifanyika ndani ya kisanduku chenyewe. Vifaa vidogo vya aina ile huhesabu muda kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo dakika 15 ziliandikwa 900000. Baadaye tukachoka kusafiri mwalo hadi mwalo, huko ufukweni samaki wanakoshushwa, kila tulipotaka kubadilisha namba moja, tukahamishia uamuzi kwenye seva. Programu ya seva iliandikwa kwa lugha ya Python, na Python ukiiambia ilale, yaani isubiri, inahesabu sekunde. Kijana tuliyekuwa tunafanya naye kazi aliihamisha mistari yote kwa uangalifu mkubwa, na mmoja wapo ulikuwa huu:

MUDA_WA_KUSUBIRI = 900000  # muda wa kusubiri kabla ya kutuma tahadhari

Sekunde 900,000 ni masaa 250. Ni siku 10 na masaa 10. Seva haikuwa imeharibika wala imelala. Ilikuwa inatii. Jumatatu ile saa saba mchana ilikuwa imekwisha kusubiri masaa 52, na ilikuwa imebakiza 198.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba mstari ule ulipita mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyepitia msimbo ule, yaani ile mistari ya programu, Alhamisi moja jioni, na mimi ndiye niliyeupitisha. Nilirudi kusoma niliyomwandikia yule kijana. Nilimtaka abadilishe jina moja lililokuwa refu mno. Nilimtaka aondoe mistari mitupu. Kisha nikamsifu: "Vizuri, kila namba umeiwekea komenti." Ni kweli aliweka: komenti ni yale maneno baada ya alama ya #, ya kusomwa na watu, si na kompyuta. Nami nilipoona alama ya komenti pembeni ya namba, jicho langu lilitosheka likaenda mstari wa pili.

Isome tena ile komenti. Inasema muda wa kusubiri ni muda wa kusubiri. Jina lilishasema hivyo. Kitu pekee ambacho msimbo haukuweza kujisemea wenyewe, yaani hizi laki tisa ni za nini, ndicho ambacho komenti nayo ilikinyamazia. Na mimi, ambaye kazi yangu siku ile ilikuwa kuuliza, sikuuliza.

Majaribio nayo hayakutusaidia, na hili nalisema kwa sababu wengi huamini yatawaokoa. Nani atakaa dakika 15 akisubiri jaribio? Tuliibadilisha namba kuwa 5. Seva ikangoja sekunde tano, ikatuma meseji, simu iliyokuwa juu ya meza ikalia, tukapeana mikono. Ile 5 ilikuwa sahihi kwa sekunde, na ile 900000 ilikuwa sahihi kwa milisekunde. Hazikuwahi kukutana.

Tulimlipa Mama. Tulimlipa kwa awamu nne, maana hatukuwa na fedha ya kulipa mara moja. Friza mbili mzigo wake ulimwagwa wote. Ya tatu ilikuwa na sangara wazima walioshikana kama jiwe, katikati bado kuna barafu, na hao vijana waliwapasua jioni ile ile wakawatia chumvi wakawa kayabo, ambayo bei yake haifiki hata karibu na aliyokuwa ameitarajia. Ili tujue cha kulipa ilibidi tukae naye tupitie daftari lake la mauzo. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limekatika, limejaa harufu ya ziwa. Nilikuwa nasoma kwa sauti, yeye anathibitisha. "Kg 38 minofu." "Deb 2 dagaa." "Bar 5", yaani mabonge matano ya barafu. "Gn 1 chumvi." "Sado 3." Kurasa arobaini na kitu. Nilifika katikati ndipo nikagundua kilichokuwa kinanichoma: hakuna namba hata moja iliyosimama peke yake. Hata pale alipoandika kwa haraka, mkono ukitetemeka, kuna herufi mbili zinazosema namba hii inahesabu nini. Anauza kwa kilo, kwa debe, kwa sado, na mteja huyo huyo anaweza kununua kwa vipimo vitatu asubuhi moja. Angewezaje kuandika "38" na kuondoka?

Sisi tuliosoma kompyuta tuna vipimo vingi kuliko yeye, na tuna sababu nyingi zaidi za kuvitaja. Fikiria kitu kimoja tu, kuiambia programu ingoje. Kwenye Python ni sekunde. Kwenye Java ni milisekunde. JavaScript nayo ni milisekunde. Kwenye C kuna amri ya kulala kwa sekunde, na ndugu yake, ambaye ameongezewa herufi moja tu mbele, analala kwa mikrosekunde, yaani sehemu ya milioni moja ya sekunde. Lugha ya Go kwa ndani inahesabu nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni moja ya sekunde. Redis, ghala la data ambalo wengi tunalitumia kuhifadhi vitu kwa muda mfupi, ina amri ya EXPIRE inayopokea sekunde na ya PEXPIRE inayopokea milisekunde. Programu moja ya kawaida, kuanzia kisanduku kilicho mwaloni hadi simu ya mteja, inapita katika tatu au nne kati ya hizi. Namba inapovuka kutoka moja kwenda nyingine haibadiliki sura. 900000 ni 900000 kote.

Tarehe nazo zina mtego huo huo. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kuanzia saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Zingine zinahesabu sekunde tangu hapo, zingine milisekunde. Mwaka mmoja tulipokea risiti za wateja zenye tarehe 20 Januari 1970. Mwenzangu alidhani betri ya saa ya kifaa imekufa. Betri ilikuwa nzima. Namba kama 1,700,000,000 ukiisoma kuwa sekunde inakupeleka Novemba 2023. Ukiisoma kuwa milisekunde haifiki hata siku 20 tangu mwanzo wa hesabu, kwa hiyo inaangukia Januari ile ile ya 1970. Ukikosea kwa upande wa pili, risiti inatoka na mwaka wa elfu hamsini na kitu. Siku hizi nikiona risiti ya 1970 siulizi habari za betri, nauliza nani kasahau kuandika kipimo.

Baada ya mkasa wa friza nilitaka kila namba ya muda iandikiwe kipimo chake. Nilidhani hilo ni agizo la sentensi moja. Halikuwa hivyo, na mengi ya yaliyotukwamisha yalitoka kwenye Kiswahili chenyewe, maana ofisini kwetu komenti tunaziandika kwa Kiswahili. Vijana wapya wanazielewa haraka, na mimi binafsi nafikiri vizuri zaidi kwa lugha yangu.

Tulianza kwa vifupisho. Mmoja aliandika "s" pembeni ya namba. Kwenye vipimo vya kimataifa s ni sekunde, na ndivyo alivyokusudia. Aliyeipitia kazi yake alisoma "saa". Si mjinga, ni Mswahili. Mwingine akaandika "m". Ni dakika kwa mujibu wa Kiingereza? Ni milisekunde? Ni mwezi? Ni mwaka? "d" kwa mmoja ilikuwa dakika, kwa mwingine siku, kwa sababu alizoea vitabu vya Kiingereza. Wiki moja tulibishana juu ya herufi hizi hadi tukakubaliana kwamba herufi moja haitoshi. Tunaandika sek, dak, na "siku" kwa ukamilifu. Kwa milisekunde tunaandika "ms", kwa sababu ndiyo pekee ambayo kila mtu aliisoma sawasawa.

Likabaki neno "saa", na hili lilituchukua muda mrefu zaidi.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kuwakumbusha abiria wa boti za Ukerewe. Katika msimbo nikakuta:

KUMBUSHA = 3  # saa

Kipimo kimetajwa. Agizo langu limetimizwa. Nami sikuelewa chochote. Je, ni kumkumbusha abiria saa tatu asubuhi? Au saa 3 kwa hesabu ya kompyuta, yaani usiku wa manane umekwisha pita na watu wamelala, ambayo sisi tunaiita saa tisa usiku? Au ni muda, kwamba akumbushwe zikibaki saa tatu boti iondoke? Nilimuuliza aliyeandika, akasema ni ya mwisho. Mwenzake aliyetengeneza ukurasa wa kukatia tiketi alikuwa ameshaisoma kama ya kwanza.

Saa yetu inaanza kuhesabu alfajiri. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua halibadilishi sana muda wa kuchomoza mwaka mzima, na kuhesabu tangu kuche ni jambo la akili kabisa kwa watu wa hapa. Mtu wa bandarini akikuambia boti inaondoka saa tatu, wewe hupotei, kwa sababu anaongeza "asubuhi", au wewe mwenyewe unamwona amesimama juani. Ndani ya kompyuta hakuna jua. Kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane, na tofauti ni masaa sita kamili. Kwa hiyo namba ya saa inahitaji zaidi ya kipimo, inahitaji kusemwa imeanza kuhesabiwa wapi. Tangu hapo komenti zetu za wakati wa siku zinasema "tangu saa sita usiku, saa za Afrika Mashariki", kwa sababu hata hapo kuna UTC inayoachana na sisi kwa masaa matatu.

Na kwa muda unaopita tumechagua kuandika "masaa". Najua wapo walimu wa Kiswahili watakaonikemea, watasema ni "saa tatu", si "masaa matatu". Nawaheshimu, na mwalimu wangu wa sekondari alikuwa mmoja wao. Lakini watu wa huku wanasema masaa wanapohesabu muda na saa wanapotaja wakati, na tofauti hiyo iliyoko midomoni mwa watu ndiyo hasa tuliyoihitaji. Sioni sababu ya kuitupa.

Mwezi nao. Tulikuwa na wateja wavuvi wa dagaa waliolipia huduma ya taa na betri kwa mwezi. Katika msimbo mwezi ulikuwa siku 30. Katika kalenda una siku 28 hadi 31. Kwa mvuvi wa dagaa mwezi ni ule ulioko juu, anavua giza, anapumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na mzunguko huo una siku 29 na nusu hivi. Tulikuwa tunawakatia huduma katikati ya giza, siku zao za kazi, wakati wao wanahesabu kwamba mwezi haujaisha. Komenti sasa inasema "siku, si mwezi", na mkataba tunaowasomea kabla hawajalipa unasema hivyo hivyo. Hilo la mkataba lilikuwa na maana kuliko la komenti, lakini lilitokana nalo. Tulipolazimika kuandika kipimo ndipo tulipogundua hatukuwahi kukubaliana nao.

Wapo wenzangu wanaosema komenti si dawa, kwa sababu msimbo hubadilika na komenti hubaki nyuma. Wana haki, na nimeona kwa macho yangu. Tulikuwa na mstari ulioandikwa 60 * 1000 na pembeni "dakika 1". Mtu akaja akabadilisha 60 kuwa 600. Komenti ikabaki inasema dakika 1. Ikakaa hivyo nusu mwaka, na kila aliyeisoma aliiamini komenti kwa sababu inasomeka haraka kuliko hesabu. Hiyo ni mbaya kuliko kukaa kimya. Lakini ukiitazama vizuri, ile komenti haikuwa imetaja kipimo, ilikuwa imetaja kiasi. Kiasi kimo ndani ya namba tayari, na kitabadilika. Kama ingesema "ms", ingekuwa sahihi kabla na baada. Kwa hiyo ninapopitia kazi naomba komenti iseme kipimo, na kiasi kiachwe kwa namba.

Na pale panapowezekana, kipimo kiingie kwenye jina lenyewe. SUBIRA_SEK. MUDA_MS. Jina linakwenda kila mahali namba inapokwenda, wakati komenti inabaki pale ilipozaliwa. Mtu anapoandika kwamba SUBIRA_SEK ni sawa na muda_ms, jicho linaona kasoro kabla ya akili. Siku hizi kuna lugha zinazokuruhusu kuandika dakika 15 kama kitu chenye kipimo chake ndani, usiweze kukichanganya na kingine hata ukitaka, na zikipatikana nazitumia kwanza. Lakini kuna sehemu ambazo jina si letu. Vifaa vilivyonunuliwa nje vinatuma "interval" na "t", jina limeamuliwa na watu walioko mbali. Hapo komenti ndiyo iliyobaki, nami siipitishi kazi bila hiyo.

Kuna jambo lingine nililojifunza kuuliza, ambalo watu hulisahau hata baada ya kutaja kipimo: namba hii inaweza kukua kiasi gani? Ule muda wa milisekunde kwenye vifaa vidogo unawekwa kwenye nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo inajaa baada ya siku 49 na masaa 17 hivi, kisha hesabu inarudi sifuri. Vifaa vyetu vya mjini havikuwahi kuonyesha tatizo. Umeme ulikuwa unakatika kabla ya siku 49, vinawaka upya, vinaanza sifuri. Kifaa kimoja tulichokifunga kisiwani, kwenye sola, chenye betri nzuri, ndicho pekee kilichoishi muda wote huo bila kuzimika, nacho ndicho kilichopatwa na wazimu siku ya hamsini: kikaanza kutuma vipimo mfululizo hadi bando likaisha. Tulikisafiria mara mbili. Mara ya kwanza tulibadilisha laini ya simu, tukarudi tukiwa tumeridhika, na baada ya siku 49 nyingine kikafanya vile vile. Ni yule kijana wa laki tisa aliyehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani akaniita.

Au ile ya JavaScript: muda wa kusubiri ukizidi milisekunde 2,147,483,647, ambazo ni siku 24 na ziada, hausubiri kabisa, unatekelezwa papo hapo. Tuliweka kumbusho la kubadilisha oili ya injini ya boti baada ya siku 30. Kipimo kiliandikwa vizuri, jina lilikuwa zuri, na wenye boti walipata meseji sekunde ile ile waliyotoka kubadilisha oili. Mzee mmoja alinipigia, sauti ya upole, akaniuliza, "Kijana, mnataka nimwage hii mpya?" Nilimwomba radhi. Komenti ya pale sasa ina kipimo na kikomo chake.

Kuhusu kupitia kazi ya mwenzako, nimebadilika namna ya kusema. Zamani nilikuwa naandika "weka komenti". Siku hizi naandika swali lenyewe: "Za nini?" Mtu hawezi kujibu swali hilo kwa kurudia jina. Na aliyeandika msimbo asipoweza kujibu bila kwenda kutafuta, hapo pana kitu cha kutazama pamoja. Tunakaa, tunafuata namba toka inapozaliwa hadi inapotumika. Inachukua dakika kumi, wakati mwingine nusu saa. Wapo wanaoona ninachelewesha kazi, hasa siku za Ijumaa. Nawaambia habari ya minofu iliyokuwa inatolewa kwa beseni, nao wengine walikuwepo.

Yule kijana hakufukuzwa, ingawa kulikuwa na mtu aliyetaka hivyo. Nilisema kama ni kufukuza, tuanze na aliyepitisha. Mama wa Igombe bado ni mteja wetu, jambo ambalo silichukulii kama haki yangu. Alikubali kwa sharti kwamba meseji iende pia kwa mdogo wake na kwa jirani mwenye jenereta, na kwamba kila Ijumaa tumtumie meseji ya kujaribu, aisikie kwa masikio yake. Tunamtumia. Mwezi wa tatu uliopita swichi iliruka tena, usiku, na tahadhari ilimfikia dakika ya 15. Hakunipigia kunishukuru wala kunilaumu. Niliona tu kwenye seva joto limepanda kidogo, kisha likaanza kushuka.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hatujakimaliza. Kwenye kanzidata yetu ya zamani, ghala la kumbukumbu za vipimo, kuna safu inayoitwa "muda". Mistari iliyoingia kabla ya kuhamia seva iko kwa milisekunde, iliyofuata iko kwa sekunde, na katikati kuna wiki kadhaa ambazo visanduku vingine vilikuwa vimebadilishwa na vingine bado. Namba kubwa sana unaweza kuzibaini kwa ukubwa wake. Zile za katikati, kama 4000 au 7200, zinaweza kuwa chochote. Tumeshapita mwalo hadi mwalo tukilinganisha na madaftari ya wenye friza, siku waliyokumbuka umeme ulikatika, siku barafu iliyeyuka, na tumeweza kuthibitisha sehemu tu. Juu ya safu ile nimeandika: "Milisekunde kabla ya kuhama, sekunde baada ya kuhama, wiki za katikati hazijathibitishwa. Usijumlishe bila kuangalia namba ya kisanduku." Wiki ijayo nakwenda Kayenze na daftari jingine.